Uzi: Saa mpya ya pauni 4,850 ilisimama usiku wa tano, namna nilivyomrejeshea muuzaji

Mwanzisha uzi (Birmingham)

Salaam kwenu nyote. Niliahidi katika uzi wa mwenzetu mmoja kwamba ningeeleza kisa changu kwa ukamilifu, na leo natimiza ahadi hiyo. Naandika kwa kirefu kwa sababu nimeona wengi wetu tunaoishi Uingereza tukipoteza haki kubwa ndani ya wiki ya kwanza kwa neno moja tunalolitamka dukani bila kujua uzito wake. Neno lenyewe ni "itengenezeni".

Mwezi Mei, siku ya Jumamosi tarehe 10, nilinunua saa ya mkono ya Uswisi kutoka kwa muuzaji aliyeidhinishwa na kiwanda hapa Birmingham. Ni saa ya otomatiki, inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, yenye kidirisha cha tarehe na akiba ya nguvu ya takribani saa 70, yaani muda inaoendelea kutembea bila kuvaliwa. Bei ilikuwa pauni 4,850. Pauni 500 nililipa kwa kadi ya mkopo na zilizobaki kwa kadi ya kawaida ya benki. Ilikuwa zawadi ya baba yangu, aliyefanya kazi reli huko Tanga hadi kustaafu, mtu ambaye hata leo anaitazama saa yake kabla hajaitika salamu. Nilikusudia niivae mwenyewe kwa wiki chache ili niwe na hakika nayo, kisha nimpelekee Julai. Namshukuru Mungu kwa uamuzi huo, kwani ningeifungia ndani ya boksi hadi Tanga, kasoro ingegundulika siku zote muhimu zikiwa zimekwisha pita.

Usiku wa tano niliamka kwa ajili ya zamu ya alfajiri nikaikuta imesimama. Mishale ilionyesha saa tano na dakika 52 za usiku, na katika kidirisha tarehe ilikuwa imekwama nusu kwa nusu: kipande cha 14 kikiondoka na kipande cha 15 kikiingia, hakuna kinachosomeka. Niliitikisa kidogo ikaanza tena, nikadhani labda sikuivaa vya kutosha. Usiku wa tarehe 16 ikasimama tena, saa tano na dakika 49. Hapo nilielewa kwamba saa iliyoishiwa na nguvu husimama popote. Inayosimama kila mara pale pale, dakika chache kabla ya tarehe kugeuka, ina jambo jingine.

Usiku wa tarehe 18 nilifanya jaribio. Baada ya chakula cha jioni nilizungusha kitufe cha kutilia ufunguo mara 40, nikailaza saa juu ya meza ya jikoni chini ya saa ya ukutani, nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari na kurekodi video mfululizo kuanzia saa tano na nusu. Mshale wa sekunde ulitembea vizuri, kisha ukaanza kusita, na ilipofika saa tano na dakika 55 ukakoma kabisa. Video hiyo ya dakika 25 imenifaa kuliko maneno yote niliyoyasema baadaye.

Jumanne tarehe 20 nilikwenda dukani. Nilipokewa kwa heshima, nalisema hili kwa haki. Kijana wa kaunta aliiweka saa kwenye mashine ya kupimia mwendo, ile inayosikiliza mapigo kwa maikrofoni, akanionyesha namba: saa inazidisha sekunde 3 kwa siku, gurudumu la mizani (lile linalotoa mapigo ya saa) linazunguka kwa upana mzuri, hakuna kasoro. Nilimwomba aangalie kwamba anapima saa sita mchana, wakati mashine ya tarehe imelala, ilhali malalamiko yangu ni ya saa sita usiku, inapobeba mzigo. Alimwita meneja. Meneja alinieleza mambo matatu: kwamba huenda siivai ipasavyo; kwamba huenda nilisogeza tarehe kwa kitufe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, jambo ambalo kitabu cha maelekezo kinalikataza kwa kuwa linaweza kuumiza meno ya tarehe; na kwamba kwa vyovyote utaratibu wao ni kuipeleka kwenye kituo cha huduma cha kiwanda kwa wiki sita hadi nane, kwa kuwa saa iliyokwisha banduliwa nailoni zake za kinga hairudishwi.

Kisha akanisogezea fomu. Mstari wa mwisho, juu ya mahali pa kutia sahihi, ulisema kwamba mteja anaomba matengenezo chini ya dhamana ya kiwanda. Kalamu ilikuwa mkononi tayari. Niliiweka chini, nikaomba nakala ya fomu isiyo na sahihi, nikaichukua saa yangu na kuondoka.

Sasa niwaeleze kwa nini sikutia sahihi.

Katika nchi hii kuna vitu viwili ambavyo wauzaji, wengine kwa kutojua na wengine kwa kujua, huvichanganya. Cha kwanza ni dhamana ya kiwanda: ahadi ya hiari ya mtengenezaji, yenye masharti yake, ambayo mara nyingi huahidi kutengeneza tu. Cha pili ni haki ya mnunuzi dhidi ya muuzaji mwenyewe chini ya Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015. Mkataba wangu wa mauzo ni na duka lililopokea fedha zangu. Kiwanda kilichoko Uswisi hakimo ndani yake. Kifungu cha 9 kinataka bidhaa iwe ya ubora wa kuridhisha, na katika kupima ubora huo bei nayo hutazamwa, hivyo saa ya pauni 4,850 haipimwi kwa kipimo cha saa ya pauni 20. Kifungu cha 22 kinampa mnunuzi siku 30 za kuikataa bidhaa yenye kasoro na kudai fedha zake zote. Kifungu cha 31 kinamzuia muuzaji kuziondoa haki hizo kwa masharti yake mwenyewe, kwa hiyo kibandiko cha "saa hazirudishwi" hakina nguvu mbele ya kasoro.

Ukikubali matengenezo, siku 30 zinasimama kuhesabiwa kwa muda ambao saa iko kwa fundi, na ikirudi bado mbovu unabaki na siku zilizosalia au siku 7, kipindi kilicho kirefu kati ya hivyo. Kwa hiyo huwi umepoteza kila kitu. Lakini unakuwa umewajibika kumpa muuzaji muda unaofaa wa kuitengeneza, na katika muda huo huwezi kuikataa. Ikirudi ikiwa inatembea, utakuwa umelipa bei ya saa mpya kwa saa ambayo imekwisha funguliwa na kufungwa kabla hata ya kufikisha miezi mitatu.

Kuna jambo moja ambalo nililikuta kwa kusoma sheria yenyewe, na ambalo maelezo mengi ya mitandaoni hulikosea. Wengi husema kwamba katika miezi sita ya kwanza kasoro huhesabiwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya mauzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Ni kweli, lakini upendeleo huo unahusu madai ya kutengenezewa, kubadilishiwa, kupunguziwa bei, au kuikataa bidhaa baada ya matengenezo kushindikana. Kwa kukataa ndani ya siku 30, mzigo wa kuthibitisha ni wako mnunuzi. Ndiyo maana nilitafuta ushahidi kabla ya kuandika barua.

Hapa Birmingham tuna bahati ya mtaa wa masonara kule Hockley, wenye mafundi saa wa kujitegemea. Nilimpata fundi mzee, nikamweleza kwamba haruhusiwi kufungua mfuniko wa nyuma, kwa kuwa nilitaka muuzaji asipate pa kushika. Aliipima kwa mashine ile ile ya mapigo. Mchana, upana wa mzunguko wa gurudumu la mizani ulikuwa digrii 284. Kisha akasogeza mishale taratibu kwa kitufe hadi karibu na saa sita usiku na kupima tena: digrii 171, na kabla hajamaliza kuandika ikasimama mbele yake. Aliniambia kitu fulani katika mashine ya tarehe kinakwama na kuiba nguvu zote. Aliandika ukurasa mmoja, akatia sahihi, akaandika namba ya saa na maneno kwamba mfuniko haujaguswa. Nilimlipa pauni 40.

Kuhusu madai ya kusogeza tarehe, nilijibu hivi katika barua: tarehe iliwekwa na muuzaji mwenyewe mbele yangu Jumamosi ya tarehe 10, tarehe ya saa kama hii huhitaji kurekebishwa mwezi wenye siku pungufu ya 31 unapokwisha, au saa ikiwa imelala, kati ya tarehe 10 na 14 sikuwa na sababu ya kuigusa, na sikuigusa.

Jumatano tarehe 28 nilipeleka barua kwa mkono na nakala kwa barua pepe. Sentensi iliyobeba kila kitu ilikuwa hii: "Saa hii haina ubora wa kuridhisha, naikataa chini ya vifungu vya 20 na 22 vya Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015, na nadai kurejeshewa pauni 4,850." Sikuandika "naomba mnisaidie", wala "kama inawezekana". Sheria inataka mnunuzi aseme au atende jambo lililo wazi kiasi cha kueleweka kwamba anaikataa bidhaa, na mimi nilitaka pasiwe na nafasi ya kuelewa vingine.

Meneja alinipigia tarehe 30 akinipa saa nyingine ya aina hiyo hiyo. Nilimshukuru na kukataa. Tarehe 3 Juni alikubali kwa barua pepe kurejesha fedha. Sheria inampa siku 14 kuanzia siku ya kukubali, na kila sehemu ya fedha inarudi kwa njia iliyolipiwa, isipokuwa ukikubali vinginevyo. Tarehe 11 Juni zilikuwa zimeingia: 500 kwenye kadi ya mkopo, 4,350 kwenye akaunti. Hakuna hata senti iliyokatwa kwa "matumizi".

Maswali nitayajibu kadiri ya ninavyojua.

Mchangiaji wa Coventry

Ndugu yangu, hongera, ila naona ulikuwa mkali bila sababu. Viwanda vikubwa siku hizi vinatoa dhamana ya miaka mitano. Wangeitengeneza bure na ingerudi kama mpya. Saa ni mashine, na mashine yoyote inaweza kuwa na hitilafu ndogo.

Mwanzisha uzi

Nakuheshimu, lakini sikubaliani nawe. Dhamana ya miaka mitano ni ya matatizo yanayokuja baada ya mtu kupokea saa nzima. Haikuwekwa ili mnunuzi apokee saa mbovu kwa bei kamili kisha asubiri miezi miwili. Ukinunua gunia la mchele ukakuta limeoza siku ya kwanza, hukubali muuzaji akusafishie punje moja moja. Nami nilikuwa mpole muda wote. Sikupandisha sauti, sikumtukana mtu, na jina la duka silitaji hapa kwa sababu walinilipa. Kusimamia haki yangu kwa maandishi si ukali.

Mchangiaji wa Dar es Salaam

Asante sana kwa uzi huu. Mimi nilinunua saa London nilipokuwa masomoni, nimerudi nyumbani, na leo ni siku ya 22. Ukungu unaonekana ndani ya kioo kila ninapotoka kwenye kiyoyozi kuingia juani, na sijaiogelea hata mara moja ingawa imeandikwa mita 100. Je, nimechelewa kwa kuwa saa iko huku?

Mwanzisha uzi

Hujachelewa, lakini usilale bila kuandika. Kinachotakiwa kufanyika ndani ya siku 30 ni tamko la kuikataa. Saa yenyewe si lazima iwe imefika London siku hiyo. Andika barua pepe leo, taja tarehe ya ununuzi, namba ya saa na kasoro, sema wazi kwamba unaikataa, na uulize wanataka uirejeshe vipi. Gharama za kuirejesha, zikiwa za kiasi kinachofaa, sheria inazibebesha kwa muuzaji, isipokuwa zile za mtu kuirudisha mwenyewe mpaka pale alipoipokelea. Tarajia ubishi juu ya gharama za kutoka Dar, kwa hiyo pata kibali chao cha maandishi kabla ya kutuma, na usitume bila bima inayofikia bei kamili.

Ukungu nao upige picha mara tu unapotokea, kwa sababu baada ya dakika chache hutoweka na hakuna wa kukuamini. Hakikisha pia kitufe cha pembeni kimefungwa hadi mwisho kama ni cha kuzungusha, maana hilo ndilo swali la kwanza watakalokuuliza. Na tafadhali usimpe fundi yeyote aufungue mfuniko ili "aikaushe". Nimeona watu wakifanya hivyo kwa nia njema, na hapo ndipo muuzaji husema maji yaliingizwa na fundi.

Ulilipa kwa kadi ya mkopo iliyotolewa Uingereza? Kama ndiyo, soma kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo kwa Walaji ya mwaka 1974. Kwa bidhaa iliyo juu ya pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000, benki ya kadi inawajibika sambamba na muuzaji, hata kama ulilipia kadi hiyo sehemu tu ya bei. Ndiyo sababu zile pauni 500 zangu niliziweka kwenye kadi ya mkopo kwa makusudi.

Mchangiaji wa Nairobi

Niongeze ya huku kwetu, kwa kuwa wengi watasoma uzi huu wakidhani siku 30 zipo kila mahali. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, na ile ya Tanzania, Sura ya 214, zote mbili zimefuata sheria ya Waingereza ya mwaka 1893. Humo mna sharti kwamba bidhaa iwe ya ubora unaofaa kuuzika, lakini hamna idadi ya siku iliyotajwa ya kuikataa. Kinachosemwa ni kwamba mnunuzi akikaa na bidhaa kupita muda unaofaa bila kumwarifu muuzaji kwamba ameikataa, huhesabiwa kuwa ameipokea, na akishaipokea hubaki na madai ya fidia tu. Kenya tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Walaji ya mwaka 2012. Kwa hiyo kwetu haraka ni muhimu zaidi kuliko kwenu: andika siku ile ile unayoiona kasoro, na usiendelee kuivaa.

Mwanzisha uzi

Nakushukuru kwa nyongeza hii. Hilo la kutoendelea kuivaa ninalikazia hata kwa walioko huku. Tangu tarehe 20 sikuivaa tena. Nilibaki na jaribio la fundi peke yake.

Mchangiaji wa Leeds (aliyewahi kuuza saa)

Nilifanya kazi kaunta ya saa kwa miaka minne, na ningependa kueleza tunachokitazama upande wa pili. Kwanza ni mikwaruzo. Haikuondolei haki, lakini inampa meneja neno la kusema, kwa hiyo piga picha za saa chini ya mwanga mkali kabla ya kuikabidhi, mfuniko, bangili na kifungio. Pili, vipande vya bangili tulivyovitoa wakati wa kukupimia mkono huwa ndani ya kifuko kidogo kwenye boksi, na wateja wengi hurudisha saa bila kifuko hicho. Kipande kimoja cha chuma chaweza kuwa na bei ya kushangaza. Tatu, kadi ya dhamana iwe na tarehe na namba inayolingana na saa.

Nne ni sumaku. Saa inayozidisha ghafla dakika nzima au zaidi kwa siku mara nyingi imeshikwa na sumaku ya spika, kifungio cha mkoba au jalada la kompyuta kibao, na hiyo huondolewa dukani kwa sekunde chache. Usiikatae saa kwa sababu hiyo kabla haijapimwa, maana utaonekana huna hoja na utaharibu njia ya malalamiko yako ya kweli. Vilevile saa yenye cheti cha kronomita cha COSC (taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa) inaruhusiwa kupoteza sekunde 4 au kuzidisha 6 kwa siku. Kuzidisha sekunde 5 si kasoro, hata kama umelipa pauni elfu tano.

Mwanzisha uzi

Haya ni maneno ya mtu anayejua kazi, na natamani ningeyasoma kabla ya tarehe 20. Kuhusu kuikabidhi, nilikataa kuiacha saa dukani mpaka wakaniandikia risiti yenye namba ya saa, hali yake, idadi ya vipande vya bangili na maneno "imerejeshwa na mteja aliyeikataa". Awali karani alikuwa ameandika "imepokelewa kwa uchunguzi". Nilimwomba abadilishe, naye akabadilisha.

Mchangiaji wa Coventry

Nimesoma tena na naondoa neno "ukali". Lakini niambie, kwa nini ulikataa saa mbadala? Ilikuwa ya aina ile ile.

Mwanzisha uzi

Kwa sababu mbili. Ya kisheria ni kwamba nilikuwa nimekwisha ikataa, na kukubali mbadala kungenirudisha kwenye mlango ule ule wa kusubiri. Ya pili ni kwamba imani ilikuwa imeondoka. Meneja alikuwa ameniambia machoni kwamba nimeiharibu mwenyewe kabla hajaitazama usiku hata mara moja, na sikutaka zawadi ya baba itoke mkononi mwake.

Mwishoni mwa Juni nilinunua saa nyingine, ya bei ndogo zaidi, kwa muuzaji mwingine. Usiku wa kwanza sikulala mapema. Niliiweka juu ya meza ile ile ya jikoni chini ya saa ya ukutani, nikakaa nayo kuanzia saa tano na nusu. Ilipita dakika ya 49, ikapita ya 52, ikapita ya 55. Dakika mbili baada ya saa sita, tarehe iliruka kwa mlio mdogo sana ambao hungeusikia kama jokofu lingekuwa linavuma. Niliirudia hivyo kwa wiki mbili kabla ya kufunga boksi la safari ya Tanga.